Unga wa Mama

Kitale,
11 Septemba 2006

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai Mulki atakukabidhi barua hii ukiwa mzima, sukari imetulia na macho hayakusumbui tena. Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu. Shafi na watoto wanakusalimu. Mwanao Salman naye yuko hapa barazani kwa duka langu na cherehani yake, anawakaripia wateja kama kawaida. Mvua ya Kitale ni ile ile unayoijua, nguo ukianika leo zinakauka kesho kutwa.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yenyewe ni ya jirani yako Mama Nyongesa, na unajua vile hana kifua. Akisikia neno saa mbili, saa tatu limeshafika Matulo. Haya ni ya macho yako peke yako. Vaa miwani, ukae chini, na usirukie mwisho. Nakujua!

Nilikuambia wakati wa Idi ya Kuchinja kwamba daktari anataka nipungue. Hukupenda. Ulisema mke wa mtu akikonda watu huuliza kama bwana amefilisika. Nilicheka, lakini sikukueleza yote. Kuna upasuaji, Mama, na daktari alisema wazi kwamba kwa mwili ule hawezi kunigusa kwa kisu. Wa nini, utasoma huko mbele. Alitaka nishuke mpaka kilo themanini, nami nikashika njia. Niliacha chapati, mimi Kadija! Niliacha mandazi, soda na samli. Nikishaswali alfajiri natembea njia ya Kiminini mpaka mbwa wa huko wamenizoea. Nikaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Kilo zikaondoka kweli, buibui likaanza kunipwaya.

Kisha zikagoma. Tangu mwezi wa sita mashine inasema tisini na moja, haipandi wala haishuki. Mwanzoni daktari alinituliza, akasema mwili una ukaidi wake, ukishapungua unang'ang'ania kilichobaki. Nikaongeza mwendo, nikapunguza ugali ukawa matonge mawili matatu. Tisini na moja. Mwezi uliopita hakunituliza tena. Aliniuliza mbele ya nesi kama nakula kwa kujificha. Niliona aibu, Mama, nikalia pale pale juu ya mashine, mtu mzima na watoto wanne. Hata Shafi jioni akaniuliza kwa upole kama huwa naonjaonja vitu sokoni. Nilimnunia siku mbili.

Sasa daktari amesema baada ya Ramadhani ndio mwisho. Nikiwa bado hapo hapo, upasuaji hakuna.

Kitu kimoja tu sikukiacha, nacho ni uji wako. Kila jioni, na siku za saumu nikifungua, nakunywa kikombe kikubwa cha ule unga unaomtuma Mulki aniletee. Ulisema ni wimbi tupu, na daktari alisema wimbi halina neno. Wallahi ulikuwa mtamu kuliko uji wote niliowahi kunywa. Nilidhani ni kwa sababu nimekukumbuka.

Alhamisi nilikuwa nimeshaumimina uji, akaja mgeni, nikauacha. Kurudi nikaukuta umepoa, na juu yake mafuta yanaelea kama ya supu. Shafi akatazama akasema ati huko kwenu Bungoma hata wimbi linatoa jasho. Mulki alipofika Jumamosi nikamkalisha jikoni. Alikana, akakana, mwishowe akaangua kilio. Akasema wewe hukaanga njugu na simsim, ukasaga pamoja na soya na maziwa ya unga, kisha wimbi kidogo la kuficha rangi, na kwamba ulimwapisha asiseme. Akaniambia na sababu. Ati Mama Nyongesa aliniona stendi ya Kitale, akaja kukuambia Kadija amekanyaga waya, amebaki shingo tu. Siku hiyo hukula chakula, ulikuwa unamtaja mama mdogo Nimo.

Nilikasirika, sitadanganya. Nilikasirika sana. Halafu nikamkumbuka mama mdogo, vile alivyokonda sisi tukinyamaza kwa heshima, mpaka tukamzika bado tunasema ni malaria. Ulisema siku ile kwamba mtu wa nyumba yako hatakonda tena wewe ukimwangalia tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini Mama, mimi sina ukimwi. Nimepimwa, ilikuwa lazima nipimwe kila kitu, na naapa kwa maziwa niliyonyonya kwako, mimi ni mzima.

Tena lazima niwe mzima, kwa sababu upasuaji huu si wa ugonjwa wangu. Mgonjwa ni Salman.

Zile safari zake za Eldoreti hafuati vitambaa. Anaenda kuoshwa damu kwa mashine. Figo zake zimekufa, zote mbili. Kwenye Idi hakuja kwako kwa sababu miguu ilivimba hata viatu haviingii, na alinikataza kukuambia kwa kuogopa sukari yako ipande. Tulipimwa ndugu wote, na aliyelingana naye ni mimi peke yangu. Nataka kumpa figo yangu moja. Daktari anasema mtu huishi na moja bila shida, ila hamkati mtu mnene, asije akapoteza wawili akitafuta kumponya mmoja.

Sasa Mulki anasema unaniandalia debe zima la unga wa Ramadhani. Mama, niache nikonde. Najua ninachokuomba. Watu watasema, Mama Nyongesa atasema, nawe itabidi uniangalie nikipungua na unyamaze. Lakini siwezi kulala chini ya kisu bila radhi yako, na mwili huu uliuzaa wewe. Usinijibu kwa barua, Salman hufungua barua zangu. Nitumie tu huo unga. Ukiwa wimbi tupu, nitajua umeniridhia. Ukiwa na njugu, nitajua hukuweza, na sitakulaumu. Ila sijui nitamtazamaje Salman.

Usimgombeze Mulki, ametunza siri yako kadiri alivyoweza. Wasalimie majirani wote, na Mama Nyongesa umwambie shingo bado ipo.

Salman ameinua kichwa sasa hivi kutoka kwa cherehani, akauliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia nakuagiza unga. Amesema nikuambie usimsahau na yeye.

Mwanao,
Kadija