Bakuli la Wageni

Naha, 15 Mei 1983

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umepata nafuu baada ya mavuno ya miwa, na Mama hajambo. Mimi ni mzima. Masomo yanaendelea vizuri, ila kelele za magari bado sijazizoea.

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Mtu wa posta akibisha hodi na mzigo wako, moyo wangu hushuka. Natamani apitilize mpaka nyumba ya pili.

Maboga yalifika salama. Mama Morihiro, mwenyeji wangu hapa, aliyapokea kwa mikono miwili, akayaweka kwanza mbele ya madhabahu ya mababu zao, akashukuru. Kisha akavua aproni, akachukua pochi, akaenda madukani kutafuta cha kukurudishia. Unajua mwenyewe, kitu kikiingia nyumbani, kingine lazima kitoke. Ilikuwa Jumapili, siku yake pekee ya kupumzika kazi ya cherehani. Alirudi na lile kopo la biskuti mlilopokea, miguu imemvimba.

Jioni ile mimi ndiye niliyetangulizwa kuoga, kama mgeni wa heshima, kabla ya Baba Morihiro mwenyewe. Morihiro, mtoto wao anayenifuata kwa mwaka mmoja, alipiga magoti mlangoni akasema, "Mheshimiwa Balozi wa Maboga, maji yako tayari." Mama yake akamfinya sikio.

Najua anatania. Lakini tangu nifike hapa mwezi wa nne nakula kwenye bakuli la wageni. Kila mtu ana bakuli lake kama ilivyo kwetu: la Baba Morihiro kubwa jeusi, la Mama Morihiro dogo la kijani, la Morihiro lina mchoro wa treni uliofutika nusu. Langu ni jeupe lenye maua. Hushushwa kutoka rafu ya juu pamoja na vijiti vya kulia, vya kutumia mara moja na kutupa. Kila mzigo ukifika, naona nitalishikilia bakuli hilo mpaka nimalize shule.

Nisaidie kuchagua, Baba. Ipo zawadi ambayo mtu haoni lazima airudishe?

Mwanao,
Misuzu

Kisiwani, 24 Mei 1983

Mwanangu Misuzu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Mama yako hajambo, anasema usisome kwenye mwanga hafifu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili imenichosha. Unauliza zawadi isiyorudishwa. Zawadi isiyorudishwa ni ile iliyo kubwa mpaka mtu akashindwa. Wamerudisha biskuti? Basi maboga yalikuwa madogo, wakayaweza. Kosa ni langu.

Mimi nimemtoa binti wa miaka kumi na tano kwa watu nisiowajua, kwa sababu kisiwa hiki hakina shule baada ya pale ulipofika. Siku ile kreni ilipokuinua kwenye kizimba kukupakia melini, maana gati hatuna, wenzako walishika vyuma, wewe ulishika kitabu. Nikajiuliza, huyu kule aendako nani atamshika? Sasa watu hao wamekushika, wewe unataka niwape asante ya mdomo.

Kwa meli hii naleta jodari mkavu mzima na gunia la sukari guru. Tuone kama wataliweza.

Baba yako

Naha, 9 Juni 1983

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Wameliweza.

Nilikuwa nasoma chumbani, na kuta za hapa ni karatasi. Baba Morihiro alisema, "Mpelekee taulo, yaishe." Mama Morihiro akamjibu, "Taulo? Kwa mtu aliyeleta samaki urefu wa mtoto? Unataka nikazikwe na aibu hii?" Mzee akapandisha sauti ya redio. Kesho yake Mama Morihiro aliomba ruhusa kazini, akazunguka mji mzima, akapata shati la hariri. Linakuja. Tafadhali usilijibu.

Sasa nisikilize, Baba, maana kuongea siwezi, kuandika ndiko ninakoweza. Juzi Morihiro alivunja glasi. Mama yake alimgombeza kuanzia jikoni mpaka barabarani: macho yako yako wapi, mikono yako ya nini, utaokota kila kigae. Jana nami nikavunja moja. Akaja mbio akaniuliza, "Pole, hukujikata?" Akaokota vigae mwenyewe. Nilikwenda chooni nikalia.

Nyumba hii ni ya watu wema, lakini mimi naishi humo kama mgeni wa sebuleni. Nikipika chai Mama Morihiro ananipokonya birika. Nikishika fagio anasema nikasome. Nimeanza kuzoea, halafu unakuja mzigo, nakuwa mgeni upya.

Nimeshachagua. Nitumie bakuli langu la kulia, lile la kahawia lenye pengo ukingoni. Na vijiti vyangu. Usiongeze kitu. Usifunge kwa karatasi ya zawadi wala kamba nyekundu.

Mwanao,
Misuzu

Kisiwani, 16 Juni 1983

Misuzu,

Marahaba. Sote wazima.

Bakuli lenye pengo! Kwa watu wanaonitafutia hariri! Watasema kisiwani tumeishiwa mpaka tunagawa vigae. Mama yako alicheka, mimi sikucheka. Mtoto haendi kwa watu na chombo kilichotumika kama mtu anayehamahama. Omba kitu cha maana au usiombe.

Baba yako

Kisiwani, 3 Julai 1983

Mwanangu,

Salamu nyingi. Bahari ilichafuka, meli ikaja ikageuka bila kushusha wala kupakia hata barua. Ndiyo maana kimya. Si kweli yote. Hata ingepakia, nisingekuwa na la kuandika.

Shati lilifika kabla ya mawimbi. Mama yako akaniambia nilivae nyumbani, aone. Nikalivaa. Ikawa siwezi kuegemea ukuta, siwezi kula supu, siwezi kumshika mbwa. Mama yako naye akaanza kunikaribisha: karibu kiti, karibu chai. Nikakaa wima kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, sijui pa kuweka viwiko. Nikakumbuka barua yako, nikakasirika. Nikalivua.

Mama yako ndiye aliyetoa bakuli kabatini. Mimi nimelifunga kwa gazeti. Nilikuwa nimeshatia kidonge kimoja cha sukari guru ndani, nikakitoa. Nikakirudisha. Nikakitoa.

Wakinicheka, usiniandikie.

Baba yako

Naha, 11 Julai 1983

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama ni wazima, na mbwa pia. Mimi ni mzima.

Hawakucheka. Mzigo ulipofika Mama Morihiro aliupokea kwa mikono miwili. Nikaona mabega yake yanashuka kidogo, kama yangu. Akageuka kuelekea madhabahu.

"Hiyo si zawadi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, Morihiro akaacha kutafuna. "Ni yangu. Ni ya kulia wali."

Akasimama. Akafungua gazeti, akalizungusha bakuli mpaka kidole chake kikafika kwenye pengo, kikabaki hapo. Niliogopa ataifuata pochi.

"Hili nani alilivunja?" akauliza.

"Mimi. Nilikuwa nasoma huku nakula."

"Hata wewe!" Akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza naingia mlangoni. "Na hapa mezani kwangu ukileta kitabu nitakinyang'anya. Sasa unasimama unangoja nini? Linanuka wino wa gazeti. Kalioshe."

"Balozi kafukuzwa kazi," Morihiro akasema.

"Na wewe kamwonyeshe sabuni ilipo."

"Anajua ilipo."

"Basi nyamaza ule."

Nililiosha bakuli na vijiti, nikavipangusa. Nikalipandisha lile jeupe rafu ya juu, na langu nikaliweka chini, kati ya la kijani na lile la treni. Baada ya chakula niliosha vyombo vya wote, hakuna aliyenizuia. Jioni nilioga wa mwisho, maji yakiwa yameanza kupoa, kisha nikasugua bafu, kwa sababu niliambiwa ni zamu yangu.

Mwanao,
Misuzu