Akaunti Uliyoikatalia Kadi

Maskati,
Ijumaa, baada ya sala

Mke wangu mpenzi Zena,

Assalaam alaykum. Kwanza nakujulia hali. Mgongo umepoa? Mama anakula vizuri? Rukia wetu bado anadurusu huku anatafuna kalamu? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila nimepungua kidogo kwa joto la huku. Hilo la kupungua usimwambie mama. Mwambie mwanawe amenawiri.

Najua utashangaa kuona karatasi ilhali simu tunazo. Sauti nikikutumia kwenye simu husikilizwa na nyumba nzima, kuanzia mama mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi, na haya ya leo nataka uyasome peke yako, umekaa. Mwenzangu wa Horohoro, yule tunayelala chumba kimoja, anakuja likizo na ameahidi kuifikisha barua hii Kigombe mpaka mkononi mwako. Nimemwambia asipoifikisha atafute chumba kingine.

Kazi ni ile ile ya viyoyozi. Watu wa huku hukumbuka kwamba kiyoyozi kinataka fundi siku joto likishawashinda, basi kutwa nashinda juu ya mapaa. Juzi nilisahau bisibisi juani, nilipoishika ikaniachia alama kiganjani. Ile mishahara yetu iliyosimama miezi mitatu imelipwa yote, na mwajiri ametuomba radhi. Siku hiyo tulipika wali wa nazi. Nazi yenyewe ya kopo, Zena. Nilikula huku najionea huruma.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mama alinipigia Jumatatu akaniambia kwamba Kaka Seif amelipwa fungu lake mbele ya sheikh na mashahidi, ameweka sahihi, na nyumba ya marehemu baba haiuzwi tena. Nilikuwa juu ya paa la watu. Nilikaa chini pale pale, nikalia. Yule mwenye nyumba akanipigia kelele kutoka chini akidhani nimeanguka.

Mke wangu, nataka nikiri jinsi nilivyokuwa mjinga, maana kwenye simu huwa nakuzidi maneno na mwisho wa maneno sisemi lolote la maana.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa zamani. Nilikuwa natuma pesa yote kwenye akaunti moja. Humo humo unga, humo humo umeme, ada ya Rukia, dawa za mama, harusi za mji mzima na misiba ya mji mzima. Ikifika tarehe ishirini nakuuliza pesa iko wapi, nawe unanijibu hujui, na mimi naona unanificha. Hukuwa unanificha. Hakuna mtu duniani angeweza kujua.

Halafu baba akafariki, Mungu amrehemu, na mirathi ikagawanywa. Kaka Seif akataka fungu lake la nyumba. Sina ugomvi naye, ni haki yake, na kuzaliwa na mama mwingine hakumpunguzii kitu. Naye anajenga kwake Tanga, ana watoto. Dada Mwanajuma alisema lake lingoje mpaka mama aondoke duniani, lakini Seif hakuweza kungoja, na yule bwana anayetaka kujenga vyumba vya wageni kama vya Ushongo alikwisha kuja kupima kiwanja kwa hatua zake mwenyewe. Tukaafikiana mbele ya jamaa: mpaka mwisho wa Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, tumlipe Seif, au nyumba iuzwe kila mtu achukue chake. Na mama, katika miaka yake ile, ahamie chumba cha kupanga.

Mimi nilirudi huku na wasiwasi. Wewe ulikwenda benki. Uliponiambia umegawa akaunti yetu kuwa tatu nilicheka sana, nikakwambia, “Watu wana nyumba tatu, weye una akaunti tatu!” Moja ya matumizi ya nyumbani, moja ya shughuli, na moja ya kulipia nyumba. Hiyo ya tatu ukaikatalia kadi, ukakataa na kuiunganisha na simu. Ulinihadithia jinsi yule binti wa dirishani alivyokushangaa: “Sasa mama, ukitaka kutoa utafanyaje?” Ukamjibu, “Nitapanda gari mpaka hapa, nipange foleni, nikutazame usoni. Nikifika hapo na bado naitaka, basi nina shida kweli.” Mimi nikaona unajipa tabu bure.

Ile ya shughuli ndiyo iliyotutia majaribuni, na ndiyo ninayoistaajabia zaidi. Nani mwingine pwani yetu amewahi kuzipimia harusi na misiba pesa yake ya mwezi, ikiisha imeisha? Sisi shughuli haina kipimo. Mwenzio akioa unachanga, akizaa unachanga, na sare lazima ushone hata kama jikoni hamna kitu. Mama yangu mwenyewe aliwahi kuuza kuku watagao ashone sare ya harusi ya mtu asiyemjua vizuri.

Basi ikaja harusi ya binti wa Dada Mwanajuma. Mwezi ule misiba miwili ilikwisha kuimaliza ile akaunti. Dada akanipigia analia kabisa: “Athumani, mkeo ananiaibisha. Mke wa mjomba wa bibi harusi asiye na sare, watu watasemaje? Na pesa anayo benki, mie najua.” Nami, Zena, bila kukuuliza, nikavimba kifua nikamwambia, “Dada, hesabu sare yake iko. Na ya mama. Na mchango nauongeza.” Mwanamume aliye Maskati hawezi kumwambia dada yake hana. Ndivyo nilivyofikiri.

Nikakupigia. Nakumbuka kila neno, maana nimeyarudia kichwani mara nyingi.

“Kesho nenda Tanga, toa kwenye ile ya nyumba. Tutairudishia.”

“Tutairudishia na nini?”

“Na mshahara, na nini tena?”

“Mshahara wa mwezi ujao una kazi zake, Baba Rukia. Ile pesa ni chumba cha mama. Siigusi mie.”

“Nimekwisha kuahidi!”

“Basi umeahidi yako. Ile si yako, wala si yangu.”

Nikakata simu. Siku tisa sikukupigia. Nilikuwa nazunguka juu ya mapaa nakusemesha peke yangu kwa hasira, hata mwenzangu wa Horohoro akaniuliza kama nimepata jini. Siku hizo tisa naziona aibu mpaka sasa, na naomba unisamehe.

Kumbe wewe ulikwenda harusini. Umevaa lile dera lako la kijani la Idi ya mwaka juzi. Asiye na sare kwetu hakai mbele, basi hukungoja mtu akuambie. Ulikwenda moja kwa moja uani, ukafunga kanga kiunoni, ukashika mwiko wa pilau tangu asubuhi. Mama ndiye aliyenisimulia. Akasema wanawake walikuwa wanapita wakikutazama, mmoja akauliza kwa sauti, “Huyu si ndiye mume wake yuko Arabuni?” na wewe ukamwambia, “Ndiye. Sogeza sahani.” Nilicheka, kisha nikajilaumu kwa kucheka. Najua si jambo dogo. Nimezaliwa mji huo, najua mwanamke anavyotazamwa akiwa na rangi yake peke yake katikati ya sare. Mimi nisingeweza. Ningekopa, ningevaa, na leo mama angekuwa anafungasha.

Halafu mishahara ikasimama. Mwezi wa kwanza nilikwambia, wa pili nikaona haya kukwambia. Nilikwisha kuihesabu nyumba kuwa imekwenda. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama, kila siku naongeza neno na kufuta neno. Nawe hukunilaumu hata mara moja. Uliniuliza kama nakula.

Jumatatu mama aliponipa habari nikamuuliza, “Pesa imetimia vipi? Miezi mitatu sikutuma kitu.”

Mama akacheka. “Mwanangu, weye huna habari na mkeo? Ametia yake. Pesa yake ya mwani.”

Zena, hiyo akaunti yako mwenyewe ya mwani, nje ya zile tatu, nilikuwa naijua na sikuwahi kuitia hesabuni. Niliiona kama kijichezo cha wanawake, mwani na kikundi na vikao vyenu. Kumbe hiyo ndiyo iliyotufikisha. Ule mgongo niliokuuliza hapo juu umeuumiza kwa kuinama kwenye maji ya chumvi, na pesa yake ilikuwa halali yako peke yako. Sheria haikukulazimisha kutia hata shilingi kwenye nyumba ya baba mkwe wako. Nyumba ambayo hukuwa na fungu ndani yake hata la dirisha.

Mama alisema ulipomwona Seif anahesabu noti, nawe ulizihesabu pamoja naye moja moja, uso mkavu. Na Seif alipomaliza akakwambia, “Shemeji, ningekuwa na mtu kama weye nisingekuja kudai.” Nimefurahi sana kusikia hivyo. Namheshimu kwa neno hilo.

Nami nimekuiga. Nimefungua akaunti mbili huku, ya kula na ya kutuma nyumbani. Wiki ya kwanza ya kula ikaisha, nikajikopa kutoka ya kutuma, nikajiandikia deni kwenye daftari, nikajidai, nikajipiga chenga. Mwenzangu alicheka hadi akapaliwa. Sasa ile ya kutuma nimeikatalia kadi, na yule karani Mhindi naye amenishangaa. Nikamwambia ndivyo afanyavyo mke wangu. Akataka kujua mke wangu amesomea wapi uhasibu. Nikamwambia Kigombe.

Nisalimie mama, umwambie shikamoo yangu ya kumbusu mkono. Msalimie Kaka Seif na wanawe. Dada Mwanajuma, mama wa bibi harusi, mwambie nimemsamehe na yeye anisamehe, ahadi niliyompa ilikuwa ya mdomo mtupu. Mjomba wangu mnadi wa samaki, msalimie, na yule shangazi yako wa Pangani aliyetuozesha. Rukia mwambie kalamu haziliwi.

Jambo la mwisho, Zena. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nimeiandika kwa mkono wangu, mashahidi wawili wameweka sahihi, na mama nilizungumza naye kabla, akasema nimechelewa. Lile fungu alilouza Kaka Seif, vile vyumba viwili vya upande wa barabarani, nimekupa wewe. Si amana, si ya watoto, si yetu sote. Ni lako kwa jina lako. Mpelekee sheikh aisome, kisha uifungie pamoja na karatasi zako za benki.

Vile vyumba viwili ndimo tunamolala, kwa hiyo mambo yangu yamebadilika. Nikija likizo, inshallah, nitasimama barabarani na begi langu, nitapiga hodi, na nitangoja mpaka mwenye nyumba aseme karibu.

Mumeo akupendaye na kukuheshimu,
Athumani