Lori Kwenye Daraja la Babu

Alhamisi, 6 Machi
Mvua tena. Majani mengi, foleni ndefu, nimepima chai kituoni hadi mabega yakauma. Mama alishinda darajani na panga, anang'oa miche ya mkuyu inayoota kati ya mawe. Mzee vile na bado anainama. Daraja hilo lilijengwa na baba yake na wenzake, enzi za mkoloni, kwa lazima. Chifu aliwatoa mashambani, wakachonga mawe bila malipo. Aliyechelewa alikula kiboko. Sifa alipewa Mzungu. Babu aliambulia kidole kilichopondeka, lakini alilipenda daraja lake hadi kufa. Mama analitunza kama ng'ombe wa maziwa.

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbaya. Lori la kiwanda lilifika jioni. Huku karibu sote ni Wasabato. Jua likizama Sabato imeingia, hakuna anayegusa gunia. Tukapakia mbio mbio. Kituo cha ng'ambo nacho kilikuwa kinangoja, wananipigia simu kila dakika. Kuzunguka kwa barabara ya Sironga ni mbali. Nikamwambia dereva apite daraja la mawe.

Akakataa. "Madam, hiyo daraja imezeeka. Na nimejaza."

Nikamjibu kwamba limevusha watu tangu ukoloni, litamshindaje yeye? Nilimfokea mbele ya watu wa zamu yangu, wawili tu. Akapita.

Ukingo ulianguka kwanza, kisha tao zima. Dereva aliruka, yuko salama, asante Mungu. Majani tuliyashusha gizani, mgongoni, Wasabato wenyewe. Sabato tukaivunja vilevile.

Jumamosi, 8 Machi
Kanisa liko ng'ambo. Tumesali nyumbani, Mama na mimi. Alimwombea dereva msamaha kwa kuharibu kazi ya wazee. Nikasema amina. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Machi
Kijiji kizima kinamtukana dereva. Hajanitaja. Wale wawili nao kimya, kwa sababu mimi ni karani wao. Ningekuwa yeye, ningenitaja siku ile ile.

Jumatatu, 10 Machi
Dereva amesimamishwa kazi. Basi nimekwenda kiwandani, nimesema ni mimi niliyemlazimisha. Meneja ameahidi kumrudisha. Mimi nikae nyumbani kwanza. Sawa.

Hiyo ilikuwa rahisi. Nyumbani nilimkuta Mama anamenya ndizi. Nikamwambia yote, nikaomba msamaha. Kisu kikasimama.

"Ni wewe, Moraa?"

Ni mimi. Akaendelea kumenya.

Jumanne, 11 Machi
Ametaka kwenda kuona. Tukashuka polepole. Mawe ya tao yako mtoni, maji yanapita juu yake. Alikaa kwenye nyasi muda mrefu, hakulia, hakunitazama. Niliomba msamaha tena. Akasema twende, mvua inakuja.

Njia ya kupanda ilikuwa tope tupu. Nikampa mkono. Akashika nyasi.