Kaka, Ile 8:00 Ni Saa Mbili

Ipagala, Dodoma
Jumatatu

Kaka Iddi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini itikia hata moyoni, maana dhambi ya kuninyima marahaba itaandikwa kwako, si kwangu. Habari za Kondoa? Habari za jicho? Shemeji Mama Zaituni, najua wewe ndiye unayesoma kwa sauti, na huyo mumeo amegeukia ukuta kama mwali. Endelea tu. Akikuambia uichane, usiichane kabla hujafika pale penye habari ya hospitali. Hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne, tena darasa lenyewe nilikuwa nalisikiliza dirishani.

Sisi huku tunapumua. Upepo wa Dodoma umeamka tena, chai yangu ina vumbi kuliko majani. Nyumba ya mwanangu bado naichunga, yaani nakaa kwenye kiti mlangoni na kukohoa, wezi wakisikia kikohozi wanajua kuna mtu. Maji ya bomba yanatoka yanapojisikia. Mgongo unauma, goti linauma, mdomo mzima.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Juzi ulinitumia sauti yako kwenye simu, nimeisikiliza mpaka mjukuu wangu Mwajuma akaniuliza kama ni kaswida. Ulisema hivi: "Hamisi, wewe mwizi! Ulianza kuiba karanga, sasa unaiba mpaka saa! Mchezo wa drafti umeniandikia mwisho wa kujibu ni 8:00. Mimi nimetoka kwenye mbaazi zangu saa saba, nafungua simu, naambiwa nimeshindwa! Kingi ninayo, muda ninao, nimeshindwaje?" Kisha ukazima simu, na tangu hapo imezimwa.

Kaka, sikukuibia. Nakiri nilicheka. Nakiri pia nilicheza ngoma kidogo pale sebuleni, goti na maumivu yake, maana tangu watoto watuwekee hii drafti ya kwenye simu ulikuwa unanifunga kama mbuzi wa sadaka. Nikaenda kujisifu kwa Mwajuma, yule anayesoma mambo ya kompyuta chuoni. Nikamwambia, "Mke wangu, leo umeolewa na bingwa. Kaka Iddi amekalia kete zake mpaka saa zimemwisha."

Hakucheka. Akaniuliza, "Babu, amesema amefungua simu saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

"Na mwisho ulikuwa 8:00? Basi alikuwa amechelewa tangu asubuhi. Hiyo 8:00 ni saa mbili asubuhi. Yeye alidhani ni saa nane?"

Hapo ndipo nilipokumbuka ile simu yako. Sikukuu ya Idd nilipokuja uliniringia nayo. Ukanionyesha ulivyoizima isijirekebishe saa yenyewe, ukaiweka kwa mkono wako. Ilikuwa asubuhi, tunakunywa uji, simu inasema 8:00, wewe ukaandika 2:00. Ukaniambia, "Kwa nini simu iseme nane wakati mwadhini, jogoo na mke wangu wote wanasema saa mbili? Siwezi kupangiwa saa na mnara." Shemeji alikuwepo, shahidi. Wote tulikuona mtu wa akili sana.

Nikamwambia Mwajuma, "Basi simu yake ndiyo iliyoudanganya mchezo."

Akasema, "Hapana babu. Saa ile ya kwenye kioo mchezo hauitazami kabisa. Kila mchezaji angeaminiwa saa yake, si kila mtu angeirudisha nyuma ajiongezee muda? Saa ya mchezo ni moja, iko kwenye kompyuta ya wenye mchezo, inaitwa seva. Hiyo ndiyo mwamuzi. Simu zenu zinaiuliza tu: huko saa ngapi?"

Nikamwambia, "Na jibu likichelewa njiani? Mtandao wa kijijini kwetu unatembea kwa magoti."

Akafurahi, kama vile mbuzi amemwuliza swali la hesabu. Akasema simu inajihesabia yenyewe: nimeuliza wakati gani, nimejibiwa wakati gani. Ule muda wa katikati inaugawa nusu, nusu ya kwenda na nusu ya kurudi. Ile nusu ya kurudi inaiongeza juu ya saa iliyoletewa, ndipo inajua huko kwa seva sasa hivi ni saa ngapi.

Kaka, nilisimama. Nikamwambia, hayo si mageni, mama alikuwa anayafanya!

Unakumbuka? Saa ilikuwa moja tu, ya ukutani, dukani kwa Mzee Athumani kule bondeni. Siku ya mnada mama anataka kuwahi lori, anakutuma ukaulize saa, yeye anabaki anasuka ukili. Ukirudi unasema, "Saa nne." Mama haamini hivyo hivyo. Anachukua ule ukili aliosuka tangu uondoke, anaukunja katikati, anasema, "Nusu hii ni ya kurudi. Basi sasa ni saa nne na robo." Na lori anawahi.

Ila wewe ulimharibia. Kwenda ulikuwa unakimbia, kurudi unapita kwenye mkwaju unajaza ukwaju mifukoni mwa kaptula. Ukili ukikunjwa katikati unasema uongo, maana nusu ya kurudi si nusu tena, ni karibu yote. Lori likamwacha na kuku zake mkononi. Tangu siku ile akawa anatutuma kwa zamu, na aliyerudi upesi kuliko wote ndiye aliyeaminiwa saa yake. Ambaye nilikuwa mimi.

Mwajuma akapiga makofi. "Babu, na simu inafanya hivyo hivyo! Haiulizi mara moja, inauliza mara kadhaa, na safari iliyokuwa fupi kuliko zote ndiyo inayoaminika zaidi. Halafu ikijikuta imeachwa nyuma kidogo hairuki. Inakaza mwendo polepole mpaka ilingane, maana ikiruka, mtaona kete zinadunda kama panzi."

Nikacheka tena, nikasema basi kaka naye akaze mwendo polepole. Yeye akasema, "Babu Iddi hajaachwa kidogo. Ameachwa saa sita. Na si mchezo uliomwacha. Mchezo na simu yake vinaelewana vizuri, ni yeye tu anayetazama saa nyingine."

Kaka, hapo kicheko kikanikauka mdomoni.

Kwa sababu nilikumbuka maneno yako ya kabla ya ugomvi. Ulisema, "Hospitali wameniandikia kwenye simu, Alhamisi 8:00. Nitapanda basi la asubuhi siku hiyo hiyo, nifike kwako nile ubwabwa, saa nane twende zetu." Na mimi, mpumbavu mwenzio, nikakujibu ubwabwa utakuwepo.

Sikutaka kukisia. Nikachukua bajaji mpaka hospitali, nikamwuliza nesi wa macho. Mama mmoja mnene, mkali, nilimpenda. Nikamwambia, "Mwanangu, hii 8:00 mliyomwandikia kaka yangu ni ipi?"

"Saa mbili asubuhi, mzee. Nane gani tena?"

"Akija saa nane mchana?"

"Atakuta wageni wanafunga masanduku yao. Hawa madaktari wanakuja kwa siku moja, wanaondoka. Ana shida gani?"

"Presha ya macho. Jicho moja limeshakwenda. Wanataka kuliwahi hili lililobaki."

Akaacha ukali. Akasema, "Mzee, mlete Jumatano alale huku. Presha ya macho ikishaondoka na jicho, sisi hatuna la kurudisha."

Tangu hapo napiga simu yako, imezimwa. Nimempigia jirani yako Bakari akukimbilie, akuambie ile 8:00 ni saa mbili. Akanipigia akicheka, eti umesema, "Mwambie Hamisi saa zake akae nazo." Bakari alidhani ni utani wetu wa drafti. Nikampigia tena kumweleza, amekwenda porini kuchoma mkaa, hapatikani. Nataka kuja mwenyewe, goti limevimba, ngazi ya basi siiwezi.

Basi barua hii inaondoka kesho na basi la kwanza. Nampa dereva mkononi, nimemwambia ampe Shemeji, asikupe wewe. Njia ya kuja huko naiamini, dereva ni mtu wa mbio. Ninayoiogopa ni ya kurudi. Nikikunja ukili wangu hapa katikati sitajua kitu, kwa sababu wewe tangu utoto jibu lako linapitia kwenye mkwaju.

Shemeji, hapa soma kwa nguvu. Jumatano asubuhi mpandishe kwenye basi. Akikataa, mbebe, hana uzito. Nimempangia mtu wa kumpokea stendi, ni Mwajuma, na amesema atamshika mkono hata akitukana. Usiku alale kwangu. Ubwabwa upo. Na wewe Kaka, ukiwa bado umegeukia ukuta: niite mwizi, niite mbwa, lakini niite ukiwa unaniona. Nimekuzoea ukinitazama kwa dharau. Sitaki unitukane huku umetazama mlango.

Nisalimie dada yetu mkubwa, mwambie tumbaku yake ya kunusa naitafuta sokoni Majengo. Msalimie Zaituni binti yako na mumewe mchoyo. Msalimie mwalimu wa madrasa, mwambie bado nakumbuka fimbo zake na namwombea baridi yabisi ya mkono. Bakari akirudi kutoka porini msalimie kwa kofi moja.

La mwisho. Ushindi ule nimeukataa. Mwajuma amenionyesha mahali pa kufungua mchezo usio na mwisho wa saa, unakaa hata mwezi. Nimeufungua, nimekupa kete nyeupe uanze wewe. Washa simu. Huna haja ya kusema neno, wala kuniomba radhi, ambayo huijui. Sogeza kete moja tu, yoyote, hata ya kijinga kama kawaida yako, nami nitajua barua imefika na kesho yake unapanda basi.

Nimekaa hapa mlangoni, simu iko pajani, imechajiwa mpaka mwisho. Zamu ni yako.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa narudi upesi,

Hamisi