Jina Nililomlazimisha Veronika Alitaje

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo mama pia. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini mguu wako umepata nafuu, na ng'ombe wamepata majani baada ya mvua hizi mnazozisema.

Kaka Samweli, najua wewe ndiye unayemsomea baba. Nakuomba usiruke mstari hata ukikasirika. Nimepiga simu mara tatu nikitaka kuyasema haya, lakini baba akishaniuliza, "Umekula, mwanangu?" najibu nimekula na kukata simu. Ndiyo maana nimeandika na kumpa kondakta wa basi.

Baba, ni habari ya Veronika. Tangu arudi kwao Basotu na mtoto mgongoni, nyumbani mnasema mke wa Samweli hana adabu, amelitaja jina la baba mkwe wake. Ni kweli alilitaja. Aliyemlazimisha ni mimi.

Unakumbuka nilikuja hapo nyumbani Masakta na zile karatasi za maswali, utafiti wangu wa mwaka wa tatu kuhusu maisha ya wanawake walioolewa kwenye familia za wafugaji. Swali la kwanza nilikuwa nimeliandika mwenyewe huku Dar es Salaam, nimekaa kwenye kiti: taja jina la mkuu wa kaya. Mimi, mtoto wa boma hilo! Mama hajawahi kulitamka jina la babu, baba mkwe wake, mbele yangu hata siku moja, na bado niliandika swali hilo bila kushtuka.

Veronika alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamuuliza, simu inarekodi. Akajibu, "Mwenye boma hili."

"Hapana wifi, jina lenyewe."

Akacheka, akaziba mdomo kwa kanga. "Yustina, una nini leo? Si unalijua? Andika mwenyewe."

Ningeandika, yangeisha. Lakini msimamizi wangu alituonya tusiwajazie watu majibu, na mimi nilijiona msomi kuliko wote. Nikamwambia ananiharibia kazi. Nikamwambia nitafeli kwa ajili yake, kwamba hayo ni mambo ya zamani na hakuna atakayesikia. Akaacha kucheka. Akaangalia mlangoni, halafu akalisema kwa sauti ndogo sana, na kuanzia hapo maswali mengine yote alinijibu bila kuniangalia. Nami nilifurahi, baba. Nilifurahi kwamba karatasi imejaa.

Jioni ile nilikuwa nasikiliza rekodi nyuma ya ghala, sauti juu, kama mjinga. Ukapita. Ukasimama. Ukauliza, "Nani amemfundisha mke wa mwanangu kuniita kama anaita ndama?"

Nilikujibu, "Mimi niliuliza swali tu, baba. Amejibu mwenyewe."

Veronika alikuwa amesimama pale na ndoo ya maziwa. Alisikia. Alinitazama mara moja tu, hakujitetea, maana angejitetea vipi mbele yako bila kunitia mimi aibu? Siku ya pili yake akaondoka. Wiki hiyohiyo nami nikapanda basi, na Samweli, ambaye nimemwachisha mke, akanibebea begi langu mpaka stendi. Loo, kaka! Nilishindwa hata kukuaga vizuri, na wewe ukadhani nalia kwa sababu ya safari.

Huku chuoni niliandika kwamba wote niliowahoji walikubali kwa hiari yao. Msimamizi akasoma, akanisifu mbele ya wenzangu kwamba nimepata majibu kamili kwa kuwa nawajua watu wangu. Wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake nilimfuata ofisini, nikamweleza yote. Hakunifokea. Rekodi ya Veronika tumeifuta, na sura mbili naandika upya, kwa hiyo sitahitimu na wenzangu mwaka huu. Ile suti uliyosema utashonesha kwa ajili ya mahafali, usishoneshe kwanza. Nisamehe kwa hilo pia.

Lakini nisihitimu hata miaka mitano, baba, si kitu. Ninachokuomba ni Veronika arudi nyumbani kwake. Ukimtuma mtu Basotu, tafadhali asiende kumwambia amesamehewa. Hana kosa la kusamehewa. Amwambie kwamba sasa unajua aliyekosa ni binti yako, alikosa kwa kumlazimisha, kisha akakosa zaidi kwa kukudanganya. Kama wazee watasema kuna faini, iwe yangu.

Nisalimieni bibi, mwambieni meno yake nayakumbuka anapocheka. Nisalimieni shangazi wa Haydom akija, na wadogo zangu wote. Veronika simtumii salamu kwa mdomo wa mtu. Mwezi ujao nikifunga chuo, basi litapita hapo Masakta na mtaniona dirishani, lakini sitashuka. Nitaenda kwanza Basotu. Akikubali kuongozana nami, tutarudi wote. Akikataa, nitakuja peke yangu nikae mbele yako, na utasema unalotaka kusema.

Ni mimi binti yako mwenye aibu,
Yustina