Jina la Mama Kwenye Insha

Mjukuu wangu Aika,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na ng'ombe amezaa. Unauliza nilijifunzaje kuandika Kiingereza cha chuo kikuu.

Insha yangu ya kwanza ilihusu migomba. Yote niliyoyaandika alinifundisha mama yangu hapa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, nami nilimwahidi kumtaja. Mhadhiri akalikata jina lake, akisema mama si kitabu. Nikaliondoa, nikapata alama nzuri.

Likizo nikamsomea mama. Kiingereza hakukijua, lakini alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mbona jina langu sijalisikia?"

"Lipo," nikamjibu. "Nimesoma haraka."

"Basi rudia hapo, polepole."

Nikakunja karatasi.

Sasa mama amelala kaburini, humu humu migombani. Aliitwa Manka, mjukuu wangu.

Babu yako