Lukresia Mlelwa, Uliyekataa Majeneza Yafunguliwe Getini

Mwaka umekatika, Dada Lukresia, tangu asubuhi ile ulipotutoka nyumbani kwa mwanao Jeni, Makambako. Ulikuwa umelalamika kwamba uji haujakolea sukari. Jeni akaenda jikoni kuongeza. Aliporudi ulikuwa umekwenda, na mpaka leo hakumbuki lile bakuli aliliweka wapi.

Picha iliyo hapo juu ni ya kitambulisho. Umekunja uso kama mtu aliyeletewa suruali yenye tope aishone. Hatuna nyingine. Ulikuwa ukisema wanaopiga picha ni watu wenye nafasi.

Familia imenipa kalamu mimi, mdogo wako Odilo, kwa sababu ninajulikana kwa barua. Nimeandika kwa mkuu wa wilaya, kwa kampuni, kwa magazeti. Barua arobaini na moja, na nakala zote ninazo. Jeni amenionya, "Mjomba, mwandikie kwa upole." Najaribu. Lakini kila nikianza na shukrani, kabla ya nukta inageuka kuwa swali.

Nianze na cherehani, hapo hakuna ubishi. Miaka kumi na tisa ulishona pale mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, chumba kimoja, sare za shule na makoti ya baridi. Uzi uliukata kwa meno huku ukiongea, na maneno yalitoka sawasawa. Mteja hakuondoka na kifungo kinachoning'inia hata kama alikuja kuuliza njia tu. Kampuni ilipoanza kuchimba makaa ya mawe kijijini kwetu Liyombo, kule Ludewa, ukafunga chumba, ukapakia cherehani juu ya lori la viazi lililokuwa likirudi tupu, ukaja nyumbani. Ulisema panapoanza kazi nzito suruali huchanika.

Zikachanika kweli. Za wanakijiji, za wachimbaji, na za polisi wa kituo kipya walioletwa kulinda geti la mgodi. Wote walikaa kwenye benchi lako moja. "Ukishamwona mwanaume amejifunga kanga yako anasubiri suruali yake," uliniambia, "humwogopi tena, awe na bunduki asiwe nayo." Nilicheka. Kisha nikajikasirikia kwa kucheka, maana mimi polisi nilikuwa nimeapa kutowacheka wala kuwachekea.

Wasomaji wasiotoka kwetu waelewe kitu kimoja. Barabara ya malori ya makaa iliukata Liyombo katikati. Nyumba zikabaki huku, makaburi yakabaki kule, na katikati geti. Hatukuulizwa. Tukaandika, hatukujibiwa. Mimi sina elimu zaidi ya darasa la saba, lakini tarehe nazikumbuka: tuliandika Februari, tukaandika Aprili, tukaandika Juni ya 2021.

Agosti tukabeba jeneza. Vijana sita mbele, wengine nyuma na nyimbo za msiba, mimi nikiziongoza. Walinzi wa geti walivua kofia, wakatufungulia. Tulipofika mbele ya malori tukalitua, tukatupa kifuniko pembeni. Ndani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na mabango. Malori yalisimama siku mbili, na sisi tulicheka wiki nzima jinsi walivyoziheshimu mbao tupu.

Wiki tatu baadaye Baba akafariki. Mzee Bonaventura Mlelwa, baba yetu, maiti halisi, kwenye jeneza la mninga. Tulifika getini saa nane mchana; Mama anasema saa tisa. Polisi wakaona jeneza, wakasikia nyimbo zile zile, wakaniona mimi mbele. Wakafyatua mabomu ya machozi.

Kwetu jeneza likishatoka nyumbani haligusi ardhi mpaka kaburini. La Baba liligusa, Dada, tena kwenye vumbi la makaa. Denis, mwanao, alivunjwa mkono kwa kirungu akijaribu kuliinua. Mimi nilikimbia. Hili silijui kuliandika vizuri, kwa hiyo naliandika tu: nilikimbia mpaka mtoni.

Wewe ulikaa chini barabarani. Walioona wanasema ulikipakata kichwa cha jeneza, macho yamevimba kwa moshi, ukamwita mkuu wa kituo kwa jina lake. Afande Amon, Mkinga wa Makete, ambaye Jumatano ya wiki ile alikuwa amekaa kwenye benchi lako na kanga kiunoni.

"Amon, njoo hapa."

"Mama, ondoka hapo, kuna moshi."

"Njoo ufungue mwenyewe. Ukikuta mabango, nifunge pingu. Ukimkuta baba yangu, vua kofia."

Alifungua. Alivua. Wanasema hakuivaa tena mpaka kaburi lilipoisha kufukiwa, na muda wote aliishika mbele yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe.

Jumatatu yake mimi nilikuwa nimeandaa mashtaka kurasa nne. Wewe ulikuwa umeshakwenda kituoni kwa miguu, na sikuambiwa. Mlikaa watatu: wewe, Amon, na msimamizi wa geti wa kampuni. Mkatoka na makubaliano ambayo hayakuandikwa popote, jambo ambalo mimi, mtu wa karatasi, lilinitia kichaa. Kukitokea msiba, Lukresia atakwenda kituoni na getini kusema jina la marehemu, saa, na wabebaji. Malori yatasimama na kuzima injini. Polisi watasimama upande mmoja bila kofia, bunduki zibaki kwenye gari. Na sisi hatutabeba bango wala kuhutubia siku ya maziko. Malalamiko yatasemwa Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, kwenye ukumbi wa parokia, pande zote tatu zikiwepo.

Kampuni ilitaka kila jeneza likaguliwe kwanza. Ukakataa. "Limefunguliwa moja, latosha. Ukaguzi ni neno langu."

Wakakubali neno la fundi cherehani. Nimesoma sheria nyingi peke yangu kwa taa ya chemli, na sijakuta mahali jambo hilo limeandikwa.

Nilikujia siku ile. Ulikuwa unashona pindo la suruali ya kaki.

"Dada, unamshonea aliyemvunja mwanao mkono?"

"Huyu ni mwenye kitambi, huoni kiuno? Aliyemvunja Denis alikuwa mwembamba, na ameshahamishwa."

"Ni wale wale."

"Na majeneza nayo ni yale yale, siyo? Ndivyo walivyofikiri na wao."

Ila niseme na langu, maana nikinyamaza nitakuwa nakudanganya kaburini: anayelirushia bomu jeneza, hata akidhani ni tupu, naye amekosa. Kosa langu halilifuti lao. Sijui kwa nini nikisema hivyo mbele ya watu hunipigia makofi, na nikisema peke yangu nyumbani hainitoshi.

Alhamisi zako zilileta maji ya kumwagia vumbi barabarani. Zilileta matuta mbele ya shule. Zilimtoa mahabusu kijana aliyekamatwa kwa kufanana jina na mwingine. Kwa nyufa za nyumba tatu za kule juu, zilizopasuliwa na baruti za mgodi, hazikuleta kitu. Nimezipima kwa kidole, zinakua. Fidia ya mashamba bado ni maneno. Kwa hiyo nakuuliza, Dada: uliwapatanisha marehemu na malori, walio hai je? Na Denis, kwa mkono ule ule ulioungwa, leo anaendesha lori la makaa hayo hayo hadi Makambako. Anasema ni kazi. Akipita dukani kwangu ninapotengeneza redio anapiga honi, nami nampungia mkono, halafu nakaa chini sijui nimempungia nani.

Kila mwaka Amon alikuuliza lile jeneza tupu lilikuwa la nani. Kila mwaka ulimjibu, "La kijiji." Ulijua ni langu, wazo na mbao, ingawa wengine walijua nimeongoza nyimbo tu. Kitambaa cheupe cha kulifunika ulikikata wewe, nilipokudanganya kwamba ni pazia la sakristia. Hukunisema kwake. Hukunisema kwa vijana. Hukunisema kwa Mama, ambaye watu walimficha hata kwamba nilikuwepo, naye alijua tu kwamba wahuni fulani walifanya mzaha na jeneza, na polisi wakamfanyia mumewe ukatili.

Tangu uondoke, Liyombo imezika watu watatu. Wa kwanza alipita salama, bado ulikuwa mbichi vichwani. Wa pili, walinzi wapya wa geti walitaka kufungua jeneza, na wakalifungua, watoto wa marehemu wakitazama. Wa tatu, wabebaji walikwenda na mapanga ndani ya makoti. Hakuna aliyeyachomoa. Lakini yalikuwemo, na kila mtu aliona jinsi makoti yalivyoning'inia.

Ndipo Alhamisi ya mwezi uliopita watu wakanisimamisha mimi ukumbini. Eti nichukue nafasi yako. Nikasema mimi na polisi meza moja hapana. Bibi mmoja nyuma akasema, "Wewe ndiye mwenye vijana, Odilo. Ukitoa neno kwamba ni msiba, wataacha mapanga nyumbani. Au kelele zako ni za redio tu?" Wakacheka. Nikakaa, nikasimama tena.

Amon alikuwepo. Nywele zimekuwa nyeupe, anastaafu Desemba. Hakupinga. Aliuliza tu, taratibu kama mtu anayeuliza bei:

"Neno la dada yako tuliliamini kwa sababu hakutudanganya hata siku moja. Sasa wewe utuambie. Lile jeneza la Agosti lilikuwa la nani?"

Ningeweza kusema la kijiji. Jibu ulikuwa umeniachia. Lakini lingekuwa neno la kwanza la ukaguzi wangu, na lingekuwa uongo.

"Langu," nikasema.

Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Amon aliitikia kwa kichwa na kuandika kitu, au alijifanya anaandika. Nilitoka mbio kuliko mbio za mtoni, maana ukumbini walikuwa watu sitini, na habari hiyo ilibidi imfikie Mama kutoka kinywani mwangu.

Mama alikuwa mlangoni anamenya viazi.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene. Unahema nini, wamekufukuza?"

"Lile jeneza tupu lilikuwa langu."

"Lipi?"

"La Agosti. Lililowafanya wadhani Baba ni mzaha."

Kisu kikasimama. Hakuniangalia mimi. Aliangalia kile kigoda chako.

"Lukresia alijua?"

"Alijua."

"Miaka mitatu amekaa hapo, ananywa chai yangu, hakusema."

"Alikuwa ananilinda, Mama."

"Na mimi nani alinilinda? Kanisani padre akisema tupeane amani, yule Amon ananinyooshea mkono, mimi naficha wangu ndani ya kanga. Kila Jumapili. Nimemchukia mtu kwa nusu ya habari, na nusu nyingine ilikuwa inalala nyumbani kwangu."

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimetukanwa na watu wakubwa. Alimaliza viazi, akapika, akanipakulia kwenye ile sahani ya maua anayowapa wageni. Tukala. Hakuna kilichonichanganya mwaka huu wote kama sahani ile.

Sasa sijui, Dada, ulitujengea amani au ulitushonea pindo tu, kitambaa kibovu kikabaki ndani. Najua wale watatu wote wangepita getini kwa heshima kama ungekuwepo. Najua pia kwamba amani yako ilimwacha mama yako mwenyewe nje. Yote mawili ni kweli, na kila nikiyaweka pamoja hayakai.

Ibada ya kumbukumbu itafanyika Jumamosi hii saa nne asubuhi, parokiani Liyombo, kisha tutapita getini kwenda kuweka msalaba kwenye kaburi lako. Taarifa kituoni na getini nimepeleka mwenyewe. Mlinzi mpya aliniuliza kama kwenye gari letu kutakuwa na kitu zaidi ya msalaba na saruji. Nikamwambia hakuna. Akaandika: hakuna.

Tangazo hili nilimsomea Mama jana mpaka hapa. Alilisikiliza lote. Nikamuuliza kama niondoe chochote, akasema acha. Nikamuuliza kuhusu majina, maana kwa desturi mzazi hutangulia na mtoto wake aliye hai humfuata. Akafikiri sana.

"Langu liandike," akasema. "Lakini lisikae karibu na lako."

Wanaokukumbuka: mdogo wako Odilo, wanao Jeni na Denis, na wajukuu wako wa Makambako, majirani na wateja wako wa Ramadhani, Wanaliyombo wa pande zote mbili za barabara, Amon, aliyeomba aandikwe, nami sikujua wa kumweka naye, ukoo wote wa Mlelwa, Ludewa na Njombe, na, mwisho kabisa, mama yako mzazi, Tabea.

Hatutakusahau, Dada Lukresia, hata sisi tuliokukasirikia.